Dodoma hadi Dar: ndege, treni au basi? Hesabu ya mlango kwa mlango

Mama mdogo anakaa Kisasa, hapa hapa Dodoma. Ana miaka 67, goti la kushoto linamsumbua, na alikuwa na kliniki Muhimbili siku ya Jumatano saa tatu asubuhi. Jumapili jioni akanipigia. Nilipomwamkia tu akaingia kwenye hoja. Mjukuu wake alishamwambia, "Bibi, panda ndege, saa moja tu uko Dar." Kijana alikuwa ameangalia kwenye simu umbali kati ya uwanja wa ndege wa Dodoma na ule wa Dar, akaona kilomita 390, akaona na muda, kesi ikaisha. Mama mdogo alitaka kujua jambo moja tu:

"Hiyo saa moja, mwanangu, inaanzia mlangoni kwangu?"

Haianzii. Na kwa kuwa nimeulizwa swali hili na watu wengi tangu treni ya umeme ifike Dodoma, naliandika mara moja liishe.

Umbali kwanza. Ukivuta uzi ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma mpaka Julius Nyerere pale Kipawa, ni kilomita kama 390, au maili 210 za marubani. Kwa barabara ni kama 450: Dodoma hadi Morogoro 260 hivi, halafu Morogoro hadi Dar 190 na ushee. Reli ya SGR, yaani hiyo ya treni ya umeme, ndiyo ndefu kuliko zote, kama kilomita 460, kwa sababu treni haipendi mlima. Barabara inapita Kibaigwa, inapanda Gairo, inashukia Dumila. Reli inazungukia Gulwe na Kidete, inafuata bonde la Mkondoa mpaka Kilosa, na pale ambapo mlima umegoma kabisa imetobolewa mahandaki.

Kwa hiyo njia ndefu kuliko zote inaishinda barabara kwa saa nyingi tu, maana treni inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa na haina trafiki wa kuipiga tochi ya mwendo pale Mbande. Ndiyo maana namba ya kilomita peke yake haikusaidii kuchagua.

Namba ya muda inayotoka kwenye simu nayo ina mtego wake. Ndege ya mapangaboi aina ya Q400 ikishatulia angani inakwenda kilomita 660 hivi kwa saa. Gawanya 390 kwa hizo, unapata dakika 35. Hesabu ni sahihi, ila ndege haianzi safari ikiwa imeshatulia angani. Inatambaa uwanjani, inapanda, inashuka, na ikifika juu ya Dar inaweza kuzungushwa kidogo ikisubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana ratiba ya Dodoma na Dar huandikwa saa moja na dakika kadhaa. Ukipata Airbus ya jeti badala ya ile ya mapangaboi, unaokoa dakika chache ambazo utazirudisha zote ukisubiri begi.

Sasa nieleze nilivyopima. Safari mbili, zote kutoka Kisasa kwenda Upanga, iliko Muhimbili, zote siku za kazi, saa mkononi na kalamu mfukoni kama karani wa mizani.

| Kipande cha safari | Ndege | Treni ya haraka |
|---|---|---|
| Nyumbani hadi kituoni | dakika 20 | dakika 30 |
| Ukaguzi na kusubiri | dakika 95 | dakika 50 |
| Safari yenyewe | dakika 65 | dakika 200 |
| Kutoka nje na mzigo | dakika 25 | dakika 10 |
| Kufika Upanga | dakika 70 | dakika 20 |
| Jumla | saa 4 na dakika 35 | saa 5 na dakika 10 |

Ndege imeshinda kwa dakika 35. Nusu saa na vidakika! Na siku ile ndege iliondoka kwa wakati.

Tazama mahali muda wa ndege ulikokwenda. Kati ya saa nne na nusu, nilikuwa angani saa moja. Muda uliobaki nilikuwa nimesimama kwenye foleni, nimekaa kwenye kiti cha chuma, nimevua mkanda, nimeuvaa tena, au nimekwama kwenye teksi. Kwenye treni ni kinyume chake: sehemu kubwa ya safari ni safari kweli. Unakaa, unafungua kompyuta, unasinzia, unaamka Morogoro. Kwa mtu wa kazi zile saa tatu na dakika ishirini ni muda anaoweza kuutumia. Zile dakika 95 za uwanjani hakuna kazi ya maana unayoifanya, masikio yote yako kwenye kipaza sauti.

Kisha kuna ile safari ya kutoka Kipawa kwenda katikati ya jiji. Anayeijua Barabara ya Nyerere hahitaji kuelezwa. Kwenye ramani uwanja uko kilomita 12 hivi kutoka Posta. Saa tatu usiku unazimaliza kwa dakika 25. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni unaweza kuhesabu matofali ya ukuta wa kiwanda kimoja mpaka ukayajua kwa sura. Daraja la Mfugale pale Tazara lilipunguza maumivu tangu 2018, lakini magari nayo yanaongezeka kila siku. Stesheni ya SGR yenyewe iko mjini kabisa. Ukitoka pale bajaji inakufikisha Kariakoo kabla hujamaliza kumjibu aliyekupigia kuuliza umefika wapi.

Upande wa Dodoma mambo yamegeuka. Uwanja wetu wa ndege uko katikati ya mji, karibu kiasi kwamba kuna watu wanaweza kutembea kwa miguu kutoka ndegeni hadi nyumbani, begi likiburuzwa. Ndege ikitua unashuka ngazi, unavuka lami kwa miguu, unaingia kajengo kadogo, mara uko nje na dereva wa bajaji anakusalimia "Mbukwenyi." Stesheni ya SGR iko Mkonze, nje kidogo ya mji. Kwa hiyo Dodoma ndege iko mlangoni na treni iko pembeni, na Dar treni iko mlangoni na ndege iko pembeni. Hapo ndipo ulinganisho wote ulipolala: angalia ncha zako mbili, unatoka wapi na unakwenda wapi hasa, kabla hujaangalia viwanja.

Kama unakwenda Kariakoo, Posta, Upanga, Ilala au hata Kigamboni kwa kivuko, panda treni. Sioni sababu ya kubishana. Mfanyabiashara wa nguo wa soko la Majengo anayefuata mzigo Kariakoo akipanda ndege ameamua tu kujifurahisha, na si vibaya, lakini asiseme anaokoa muda.

Kama unakwenda Kipawa, Ukonga, Gongo la Mboto, Vingunguti au Tabata, ndege inaanza kuwa na maana. Unatoka getini dakika kumi uko nyumbani, na ule mwanya wa dakika 35 unaweza kuwa saa moja na nusu. Hapo treni ya kawaida inaweza kujitetea kwa kusimama Pugu, ambako mtu wa Gongo la Mboto anashuka bila kufika mjini, ila treni ya kawaida ni ya polepole kuliko ile ya haraka kwa sababu ya vituo vyake.

Kama unakwenda Mbezi, Kimara, Kibamba au Kibaha, nitakushangaza: fikiria basi. Ukipanda ndege unatua Kipawa na bado una jiji zima la kukata kwenda magharibi. Ukipanda treni unashukia mjini halafu unaanza kurudi ulikotokea. Basi linakushusha Kibaha Maili Moja au kituo cha Magufuli pale Mbezi Louis, njiani kabisa. Bado treni itakuwahisha, lakini pengo linapungua, na kuna watu ambao kushuka mlangoni na mizigo yao ni bora kuliko kuwahi.

Mbagala, Tegeta na Bunju sina jibu moja. Huko foleni ndiyo inayoamua.

Basi nalipita haraka kwa sababu kila Mtanzania analijua. Linaondokea Nane Nane, ambako kwa mtu wa Kisasa ni karibu zaidi kuliko hata uwanja wa ndege. Safari inachukua saa nane au tisa, inategemea mizani, mvua na kula Morogoro. Sheria inalibana lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi 50, na barabara hii haina upungufu wa makazi. Nauli ya basi zuri haiko mbali na ya treni ya kawaida, kwa hiyo hoja ya bei imekufa kimya kimya. Basi linabaki kuwa mfalme wa mzigo. Gunia la karanga, dumu la mafuta ya alizeti, kuku wawili kwenye tenga, kitanda kilichofunguliwa: konda anakuangalia, anataja bei, mnapatana. Jaribu kupatana hivyo kwenye kaunta ya ndege uone. Na tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa kutembea usiku, basi la usiku limekuwa hoteli ya bei nafuu kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM: unalala Dodoma unaamka Mbezi, shingo ikiwa upande.

Gari binafsi lina hesabu ya vichwa. Gari dogo litakula lita 40 hivi za mafuta kwenda tu. Ukiwa peke yako umeshindwa na treni kwa bei, muda na uchovu. Mkiwa wanne na watoto, na Dar mtazunguka wiki nzima, gari linarudi mchezoni. Weka saa saba. Wanaosema wanatumia tano, faini zao tunaziona.

Turudi kwenye pesa. Treni ilipoanza kuja Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000. Safari niliyoipima nilikuwa kwenye ya haraka, nikalipa 40,000. Tiketi ya ndege haina bei moja, inapanda na kushuka kama nyanya. Ukikata wiki tatu kabla unaweza kubahatika. Ukikata jana yake, wakati wabunge wako mjini na kila mwenye shauri na wizara anatafuta kiti, utalipa mara kadhaa ya nauli ya treni, na juu yake uongeze teksi ya Kipawa. Mimi binafsi sijapata kiti cha chini ya laki moja kwenye njia hii. Ukigawanya tofauti ya bei kwa zile dakika 35 nilizookoa, kila dakika moja niliinunua kwa zaidi ya shilingi elfu moja na mia tano. Anayelipiwa na ofisi hesabu hii haimhusu, najua.

Kuchelewa kuna ubaya wa aina mbili, na hapa watu wengi hawafikirii vya kutosha.

Ndege ikichelewa, mara nyingi inachelewa kabla hujaipanda. Safari moja, shirika silitaji, tuliambiwa nusu saa. Nusu saa ikazaa nyingine. Tukapewa maji na biskuti, na kila mwenye uzoefu anajua biskuti zikitoka mambo si ya leo. Tuliruka baada ya kungoja saa tatu. Mzee mmoja mwenye kanzu aliyekuwa jirani yangu aliangalia saa yake, akasema kwa upole kwamba kama angeondoka na basi la alfajiri angekuwa Chalinze anakula mahindi. Faida ya kuchelewa kwa aina hii ni kwamba bado uko mjini. Ukikata tamaa unaweza kutoka nje ukakimbilia usafiri mwingine, kama begi hujalikabidhi.

Treni ikipata shida, inaipata mkiwa ndani, na katikati ya pori. Inatumia umeme, na umeme ukikatika mnakaa. Hatujasahau ya 2024, siku chache tu baada ya huduma kufika Dodoma, treni ilivyosimama njiani na maelezo rasmi yakataja ngedere na bundi kwenye miundombinu ya umeme. Nchi nzima ilicheka wiki nzima. Tangu hapo nimeipanda mara nyingi na imenifikisha ndani ya muda au karibu yake, kwa hiyo kwa kutabirika naipa treni alama kubwa kuliko ndege. Lakini ukiwa na jambo lisilosubiri, nenda siku moja kabla, kwa chombo chochote kile.

Hasa kama Dar si mwisho wa safari. Mtu wa Dodoma anayekwenda Dubai au Guangzhou kwa kawaida anaona jambo jema ni ndege kwa ndege. Ni kweli, ukiwa na tiketi moja inayounganisha safari zote mbili: ya kwanza ikichelewa, kukupeleka mbele ni mzigo wao. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua kwa mashirika mawili, mzigo ni wako. Ndege ya Dodoma ikichelewa saa tatu, ya Dubai haikusubiri wala haikujui. Tena ndege ya nje inaondokea jengo la tatu la abiria, lile lililozinduliwa 2019, na ukiwa umeshukia jengo jingine una kazi ya kuchukua begi, kuhama nalo na kuanza foleni upya. Kwa mwenye tiketi mbili mimi nashauri treni ya mapema siku hiyo hiyo kama ndege ni ya usiku, au kulala Dar kama ni ya asubuhi. Kutoka stesheni ya mjini kwenda Kipawa utakuwa unakwenda nje ya mji, na asubuhi hapo una nafuu, maana foleni kubwa inaingia. Jioni ni kinyume, kwa hiyo ongeza saa nzima.

Kuna jambo dogo linalowaangusha watu kuliko foleni, nalo ni saa ya Kiswahili. Tiketi inaandika 10:30. Mjomba wangu mmoja, mtu makini mwenye stakabadhi za tangu miaka ya themanini kwenye bahasha, aliisoma "saa kumi na nusu", akaoga taratibu, akala mchana, akafika uwanjani saa tisa alasiri amenyoosha suruali. Ndege yake ilikuwa imeruka saa nne na nusu asubuhi. Mama aliyekuwa kaunta alimwangalia, akatazama tiketi, hakucheka, na kwa hilo tunamshukuru mpaka leo. Ukimkatia tiketi mzazi, mwandikie pembeni kwa kalamu: SAA NNE NA NUSU ASUBUHI. Treni nayo tiketi ni hivyo hivyo. Na asisahau kitambulisho, cha NIDA au kingine kinachokubalika, chenye jina lile lile lililo kwenye tiketi. Kama tiketi imesema Mwajuma na kitambulisho kikasema Mwajabu, siku imeharibika.

Wanaoishi au kufanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wapige hesabu yao tofauti na yangu ya Kisasa. Mtumba uko mashariki, barabara ya Dar, zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Kufika uwanja wa ndege si shida kubwa, lakini kufika Mkonze lazima ukate mji mzima, na kama ni saa ya watu kutoka kazini weka saa nzima. Kwa ofisa wa Mtumba anayekwenda kikao Ukonga, ndege inashinda bila ubishi. Kwa yule anayekwenda kikao Posta ni droo, na hapo mimi ningemwachia aliyeshika bajeti aamue.

Na hesabu yote ya upande wa Dodoma itabadilika ndege zikihamia Msalato. Uwanja ule, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uko upande wa barabara ya Arusha, kilomita kama 12 kutoka mjini, na barabara yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, ndefu kuliko hata ile ya mita 3,000 ya Julius Nyerere. Urefu huo una sababu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na jua lake mnalijua. Hewa ikiwa ya juu na ya moto inakuwa nyepesi, na ndege nzito inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Kwa ndege kubwa za masafa marefu ni habari njema. Kwa msafiri wa Dar ni dakika 20 au zaidi za kuongeza mwanzoni mwa safari, na zikiongezwa hizo, ule ushindi wangu wa dakika 35 unabaki mwembamba kama karatasi ya sigara.

Ikiwa huendi Dar bali Mwanza, sahau yote haya. Huko angani ni kilomita 520 hivi, barabarani kama 700 kupitia Singida, Nzega na Shinyanga, na SGR ya abiria haijakufikisha. Ukipata ndege yenye ratiba inayokufaa, hata ya kuzungukia Dar, ipande bila kunipigia simu.

Kuhusu starehe nitasema machache ya macho yangu. Safari ya ndege ya mchana kutoka Dodoma inatikisika, hasa jua likishachemsha ardhi ya Ugogo na mkipita karibu na milima. Ya asubuhi ni tulivu zaidi. Kwenye treni, ukitokea Dodoma, omba kiti cha dirishani mkono wa kulia. Utaona mibuyu inavyopungua, miti inavyoanza kuwa ya kijani Kilosa, giza la mahandaki linakuja na kuondoka masikio yakiziba, halafu uwanda wa Mkata, na ukikaribia Morogoro safu ya Uluguru inasimama upande wako mpaka unaacha simu.

Basi, mama mdogo. Nilimuuliza maswali mawili. Jumanne usiku analala wapi? Kwa binti wa kaka yake, Kariakoo. Baada ya kliniki atakaa wapi? Kwa mwanawe wa kwanza, Ukonga, wiki moja. Nikamkatia treni ya Jumanne kwenda, na ndege ya kurudi.

Mjukuu hakukubaliana nami, alitaka bibi aende kwa ndege Jumatano alfajiri. Nikamwonyesha ile jedwali. Akaisoma, akanyamaza, akasema lakini ndege bado imeshinda. Nikamwambia ndiyo, imeshinda kwenda Upanga, siku ambayo haikuchelewa, na bibi yako saa tatu anatakiwa awe ameshakaa kwenye benchi la kliniki na kadi mkononi.

Goti lilikuwa hoja pia. Kwenye treni aliweza kusimama, kunyoosha mguu kwenye ujia, kwenda msalani bila kumrukia mtu. Alilalamikia kitu kimoja tu: umbali wa kutembea ndani ya stesheni ya Dar mpaka nje. Ngazi za umeme zipo, lakini hakuziamini, akasubiri lifti. Alipofika Kariakoo akanipigia kuniambia Uluguru ameiona, na kwamba kasanduku ka zabibu alikokapakata njia nzima kamefika bila punje kupondeka.

Kurudi, daktari alikuwa amemchoma sindano kwenye goti na kumwambia asikae muda mrefu amekunja mguu. Kutoka Ukonga hadi uwanjani ilikuwa dakika kumi na mbili. Ndege ilichelewa dakika ishirini, akatua Dodoma, akavuka lami taratibu ameshikwa mkono na mhudumu. Nilikuwa bado natafuta maegesho nje ya geti aliponipigia kuuliza niko wapi, maana yeye ameshatoka.